Sura ya Sita: Chumba cha Nani?

Fundi akifika kuangalia mahali unapotaka kuongeza chumba, jambo la kwanza atakalouliza ni ukubwa. Anapiga hatua kutoka kona ya nyumba hadi karibu na uzio, anatazama bati, anaandika tarakimu kwenye simu yake. "Mama, hapa futi kumi na sita kwa kumi na tatu zinakaa vizuri kabisa. Tukianza wiki ijayo, mvua zinatukuta tumeshapaua." Ndani ya dakika kumi mazungumzo yameshafika kwenye idadi ya tofali, na swali lililopaswa kutangulia halijaulizwa: chumba hiki ni cha nani, na atakikaa kwa miaka mingapi?

Katika sura hii ninaliweka swali hilo mbele ya bei kwa sababu bei yenyewe haina maana mpaka lijibiwe. Shilingi milioni 14 ni nyingi au ni chache? Kwa chumba cha wageni kinachofunguliwa Krismasi na wakati wa msiba, ni nyingi mno. Kwa chumba ambacho mama mzazi atalala kila siku, mita chache kutoka kwa mtu wa kumsikia akikohoa usiku, ni fedha iliyopata kazi yake. Saruji ni ile ile na fundi ni yule yule.

Jaribu kuhesabu usiku. Chumba chenye choo chake cha ndani, mita 4 kwa 5, tukadirie kimegharimu hizo milioni 14 hadi kitanda kuingia. Ukiwa na wageni wanaolala kwako siku 20 kwa mwaka, katika miaka 20 umepata usiku 400, yaani kila usiku umekugharimu shilingi 35,000. Kwa bei hiyo unaweza kumlipia mgeni wako nyumba ya wageni iliyo safi, na asubuhi akaja kunywa chai kwako. Mama akikaa humo miaka mitano, usiku 300 kila mwaka, hesabu inashuka hadi elfu tisa na kitu kwa usiku, na hapo hatujahesabu miaka itakayofuata, chumba kitakapopata mtu mwingine.

Najua hesabu ya namna hii inawakera watu. Nani amwambie shangazi aliyetoka Songea kwa basi kwamba amelipiwa gesti? Ukarimu wetu una gharama, na mtu anayeamua kuilipa kwa moyo wote hakosei. Ninachoomba ni ailipe akiijua. Nyumba nyingi ninazozifahamu zina chumba cha wageni kilichofungwa kwa ufunguo huku watoto wanne wakibanana kwenye chumba kimoja, na wenye nyumba wanapanga kujenga chumba kingine kwa ajili ya watoto. Kabla ya kuita fundi, pitia vyumba vyote ulivyonavyo sasa, pamoja na sebule ya pili isiyokaliwa na stoo yenye friji bovu, ujiulize kila kimoja kinatumiwa na nani. Mara nyingi chumba unachokitafuta umeshakijenga. Kinachohitajika ni kuhamisha mlango, kutoboa dirisha kubwa zaidi na kuondoa vitu visivyo na kazi.

Yapo mahitaji ambayo kupanga upya hakuyatatui. Watoto wa kiume na wa kike wakishabalehe hawalali chumba kimoja. Hilo katika familia zetu halina mjadala. Hata hapo, tazama umri. Kijana wako mkubwa akiwa na miaka 14, huenda akaondoka nyumbani akifika 20, kwenda chuo au kutafuta maisha. Ukijenga pole pole kwa miaka minne, kama wengi wetu tunavyojenga, chumba kitakamilika akiwa na miaka 18. Atakitumia miaka miwili. Kwa haja ya muda mfupi kama hiyo, ukuta wa mbao unaogawa chumba kikubwa mara mbili, wenye mlango wake na taa yake, unaweza kutosha. Gharama yake ni sehemu ndogo ya gharama ya chumba, na siku usipohitajika unang'olewa.

Wazee wetu wa mwambao walilijua swali la nani kuliko sisi. Katika Mji wa Lamu, kwa desturi za familia za waungwana, binti alipoolewa hakuondoka kwao. Mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo nyumba ilikua kwa sababu iliyo wazi: kuna harusi, kuna binti, kunahitajika makao. Familia ilipandisha ghorofa juu ya nyumba ya zamani au ilijenga ya pili ubavuni, na kiwanja kilipokuwa ng'ambo ya kichochoro, walivusha chumba juu ya njia, kile wanachokiita wikio, ili wanawake wa nyumba hizo mbili watembeleane bila kushuka barabarani. Hata upana wa vyumba haukuwa wa kubuni. Boriti za mikoko hazibebi dari la mawe na chokaa kwa upana unaozidi mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba. Aliyeongeza nyumba alijua nani ataingia, na alijua mti wake unabeba nini.

Nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, ile ya korido katikati na vyumba vitatu kila upande, ilichukua njia nyingine. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akapangisha, na nyuma uani palikuwa na jiko, choo na nafasi. Fedha zilipopatikana, uani pakaongezwa banda la vyumba viwili, kisha vitatu, mpaka Kariakoo na Magomeni nyingine zikabaki bila uani kabisa. Huko nako jibu lilijulikana: chumba ni cha mpangaji. Taabu ya siku hizi ni kwamba tunajenga chumba kimoja kwa majibu mawili. Tunasema kitakuwa cha wageni, na kisipokuwa cha wageni tutapangisha. Matokeo yake mlango wa kuingilia unapita sebuleni, kwa hiyo mpangaji hafai, na choo kiko mbali, kwa hiyo mgeni hafurahi. Chagua jibu moja, ujenge kwa ajili ya hilo.

Sasa tuje kwenye bei, na tuanze na tofali, kwa kuwa ndipo kila mtu anapoanzia. Chumba chetu cha mita 4 kwa 5 kikiegemea ukuta wa nyumba iliyopo, kina kuta tatu mpya zenye urefu wa jumla wa mita 13. Ukipandisha kuta hizo mita 3, ukatoa mlango na madirisha, unabaki na mita za mraba 35 hivi, na kila mita ya mraba inakula tofali tisa za inchi sita. Ongeza kozi nne za msingi na zitakazovunjika: tofali 450. Kwa shilingi 1,500 kila moja, ni shilingi 675,000. Mtu akipata jumla hiyo moyo unatulia. Anaona chumba kinawezekana kwa mshahara wa miezi michache, anaagiza tofali, zinapangwa mbele ya nyumba, majirani wanampongeza, na kuanzia siku hiyo hawezi tena kurudi nyuma. Lakini tofali hizo hazifiki hata asilimia tano ya milioni 14 za kumaliza chumba.

Fedha nyingi zaidi ziko kwenye vitu vinavyokuja baada ya boma kusimama. Kuna renta na nondo zake, kenchi, bati na misumari yake. Kuna lipu ndani na nje, jamvi, marumaru, dari la jipsamu, milango, madirisha ya alumini pamoja na grili na nyavu. Kuna nyaya, swichi na balbu. Kuna mabomba, sinki la choo na bomba la mvua. Kuna rangi mikono mitatu. Fundi akisema "ufundi ni milioni moja na nusu," muulize ni hadi wapi. Mara nyingi ni hadi kupaua. Lipu ina bei yake, marumaru yana bei yake, na fundi umeme ni mtu mwingine.

Kuna jambo lingine linalofanya nyongeza iwe ghali kuliko chumba kama hicho katika nyumba mpya, na sijaona likielezwa vya kutosha. Nyongeza inaungana na kitu kilichokwishatulia. Nyumba yako ya miaka kumi imeshamaliza kudidimia. Udongo chini yake umeshindiliwa na uzito wake wenyewe. Msingi mpya ndiyo kwanza unaanza kushuka. Ukuta mpya ukiungwa na wa zamani kwa kuumanisha tofali, baada ya msimu mmoja wa mvua utaona ufa umesimama wima pale vinapokutana, na utauziba kila mwaka. Fundi anayejua kazi huchimba msingi mpya hadi udongo mgumu wa kiwango kile kile cha msingi wa zamani, na mahali pa kuunganisha huacha mwanya wa makusudi, unaozibwa kwa kitu kinachonyumbulika, ili kila upande ucheze kwa nafasi yake. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, hili si la hiari hata kidogo.

Paa nalo lina taabu zake. Ukishusha bati jipya kutoka chini ya bati la zamani, mwinamo unakuwa mdogo na chumba kinakuwa kifupi na chenye joto. Ukigeuza paa ili liwe na umbo moja na la nyumba, unapata bonde ambapo maji ya pande mbili yanakutana, na bonde hilo lisipowekewa mfereji mpana wa bati nene, ndipo dari lako litakapoanza kuwa na ramani za rangi ya chai. Bati la zamani limepauka. La rangi ile ile halipatikani tena dukani. Wengi huishia kubadilisha bati la nyumba nzima, gharama ambayo haikuwa katika hesabu yoyote. Ikiwa nyumba yako imeezekwa zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita, iingize gharama hiyo tangu mwanzo.

Choo kipya kinapeleka maji machafu kwenye karo lile lile lililochimbwa kwa ajili ya watu watano. Mkiwa tisa, gari la kunyonya litakuja mara mbili zaidi. Mahali penye maji ya juu, kama sehemu nyingi za bonde la Msimbazi na baadhi ya maeneo ya Kigamboni, karo linajaa lenyewe wakati wa masika kabla hujaongeza mtu yeyote.

Kwa hiyo ninashauri hivi. Fanya mchanganuo wa gharama hadi siku ya kuingiza kitanda, kwa bei za dukani za wiki hiyo, kisha juu ya jumla weka robo nyingine. Ikiwa huwezi kuipata fedha yote hiyo ndani ya mwaka mmoja na nusu, fikiria kusubiri. Kujenga pole pole kumewapa mamilioni ya watu nyumba, na mimi ni miongoni mwa wanaokuheshimu. Kwenye kiwanja kitupu ni busara. Kwenye nyumba inayokaliwa hali ni tofauti. Ukuta uliotobolewa hauwezi kukaa miaka mitatu ukiwa umefunikwa turubai. Mchwa wanapita, mwizi anapita, mvua inapita, na watoto wanaishi kwenye vumbi la saruji. Fedha ikae kwanza mahali inapozaa, hata kama ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, mpaka itoshe kuanza na kumaliza.

Wanaojenga ili wapangishe wanahitaji hesabu yao peke yao. Tuchukue vyumba viwili uani, kila kimoja na choo chake, vikamilike kwa milioni 24. Kodi iwe shilingi 120,000 kwa mwezi kila kimoja. Kwa mwaka hiyo ni 2,880,000, na hapo ndipo wengi huacha kuhesabu. Toa mwezi mmoja kila chumba kikiwa kitupu kati ya mpangaji na mpangaji: 2,640,000. Toa kodi ya serikali ya asilimia 10 kwenye pango: 2,376,000. Toa laki tatu za kitasa, bomba, rangi na karo: umebaki na 2,076,000. Fedha yako itarudi baada ya miaka kumi na moja na nusu, na kila mwaka inazaa chini ya asilimia tisa.

Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuuza hatifungani za serikali za miaka 25 zenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata riba za hatifungani mpya za muda huo zilishushwa hadi 12.56. Hata kwa riba hiyo ya chini, milioni 24 zingekuletea zaidi ya milioni 3 kila mwaka, bila mpangaji anayekwepa simu na bila karo kujaa. Lazima niseme pia upande wa pili. Riba ya hatifungani haibadiliki kwa miaka yote 25, wakati kodi ya chumba hupanda kadiri maisha yanavyopanda, na mwisho wa muda ule utarudishiwa milioni 24 ambazo thamani yake itakuwa imeliwa. Vyumba, vikitunzwa, vitakuwa bado vimesimama. Mjane aliye na vyumba viwili vya kupangisha uani ana kitu cha kumlisha ambacho mtu hawezi kumwomba amkopeshe. Hiyo ni sababu ya kweli, na kwa watu wengi inatosha. Isiyotosha kamwe ni kujenga vyumba vya kupangisha kwa mkopo. Milioni 24 kwa riba ya asilimia 17 zinadai karibu milioni 4 za riba katika mwaka wa kwanza, na vyumba vinaleta mbili.

Mpangaji akija, umeme nao unabadilika. Kwa bei za TANESCO zilizotangazwa mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi alilipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Mtumiaji wa kawaida alilipa 292. Familia iliyokuwa ikitumia uniti 70 kwa shilingi 7,000, ikiunganisha vyumba viwili vya wapangaji kwenye mita ile ile, inatolewa kwenye kundi la wadogo, na uniti zake zile zile 70 zinagharimu 20,440. Omba mita ya pili mapema. Na kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa kupitia LUKU, kumbuka kwamba nyumba ya kawaida hulipa kwa nyumba na ya ghorofa hulipa kwa kila sakafu: kwa viwango vya 2023, 1,500 kwa mwezi dhidi ya 7,500 kwa kila ghorofa. Mpangaji mwenye mita atakatwa yeye, na atakuja kukudai.

Watu wengine husema hawajengi kwa ajili ya kukaa wala kupangisha, wanapandisha thamani ya nyumba. Hawa huwa nawaomba watembee mtaani kwao. Kila mtaa una bei yake ya juu kabisa, na mnunuzi anayefika kwenye bei hiyo anaangalia barabara inayopitika masika, maji, ukubwa wa kiwanja na karatasi. Chumba cha tano hakimvutii kama hati miliki. Mwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye mkataba wa serikali ya mtaa pekee, akiwa na milioni kadhaa mkononi, atapandisha thamani zaidi kwa kushiriki urasimishaji na kumaliza malipo ya hati kuliko kwa kuongeza tofali. Leseni ya makazi, ile iliyoanza kutolewa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000 kwa walio kwenye maeneo yasiyopimwa, inasaidia pia, ila ina muda wake na huisha.

Karatasi hizo zina kazi nyingine: zinakuonyesha mpaka. Mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara hadi Kiluvya, pembezoni mwa Barabara ya Morogoro, zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo pale ilihesabiwa mita 121 kutoka katikati ya barabara. Miongoni mwa zilizovunjwa zilikuwamo zilizojengwa na kuongezwa kwa miaka mingi, vyumba juu ya vyumba, fremu mbele, banda nyuma. Kabla ya kuongeza hata kibaraza, jua bikoni zako ziko wapi, jua barabara inayokupakana ni ya nani na hifadhi yake ni mita ngapi, na ukiwa bondeni uliza halmashauri kama kuna mradi. Mthamini akishapita na kuandika, utakachojenga baada ya siku hiyo hakitaingia kwenye fidia.

Kibali cha ujenzi kinahitajika hata kwa nyongeza. Wengi hukiruka kwa sababu mlolongo unachosha, nami nauelewa uchovu huo. Lakini kibali kinaleta mtu wa kutazama ramani kabla ukuta haujasimama, na hakuna mahali anapohitajika zaidi kuliko pale mtu anapotaka kwenda juu au chini. Nyumba yetu ya kawaida ya tofali haina nguzo wala bimu za kubeba ghorofa. Kuta zenyewe ndizo zinazobeba, na msingi wake ulimwagwa kwa uzito wa bati. Kuiwekea slabu juu kwa sababu kiwanja kimeisha ni kuwalaza watu chini ya tani ambazo hakuna aliyezihesabu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa la biashara liliporomoka Kariakoo asubuhi, maduka yakiwa wazi. Zaidi ya watu 20 walikufa, na taarifa za siku zile zilitaja uchimbaji uliokuwa ukiendelea chini ya jengo ili kupata nafasi zaidi ya biashara. Ukitaka ghorofa, mlipe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi achimbue msingi wako pembeni, aone kilichomo na aandike. Akisema haiwezekani, ada uliyomlipa ndiyo fedha iliyofanya kazi kubwa kuliko zote katika mradi wako.

Limebaki jambo ambalo huvunja familia kuliko ufa wowote. Wengi wetu tunaongeza vyumba kwenye nyumba isiyo yetu: kwa baba, kijijini au mjini. Mtoto mwenye kazi anajenga vyumba viwili vizuri ubavuni mwa nyumba ya wazazi, kwa upendo, ili akija na mke na watoto pawepo pa kulala. Hakuna anayeandika chochote, kwani kuandika kunaonekana kama kumchulia mzee kifo. Mzee anapofariki, kiwanja na vyote vilivyo juu yake vinaingia kwenye mirathi, na ndugu sita wanakaa kugawana. Dada aliyebaki nyumbani akimuuguza mzee anaona vyumba vile ni vya wote. Kaka aliyevijenga ana risiti za saruji kwenye mfuko wa plastiki, na risiti hazionyeshi kama ilikuwa zawadi, mkopo au mali yake.

Pale swali la chumba ni cha nani linapokuwa la sheria, lijibu kabla ya kuchimba msingi. Mwombe mzee aite kikao cha familia akiwa na afya yake. Mwambie, "Baba, nataka kujenga hapa, lakini nisingependa kuja kugombana na wadogo zangu." Wazee wengi huliheshimu ombi lililoletwa hivyo, mbele ya ndugu wote, kuliko linaloletwa pembeni. Muhtasari uandikwe: ni sehemu gani ya kiwanja, chumba kitakuwa cha nani wakati wa uhai wake na baadaye, na ikiwa nyumba itauzwa, aliyejenga arudishiwe nini. Waliohudhuria wote watie sahihi, wake wa mzee wakiwemo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie, na nakala moja ikae nje ya nyumba hiyo. Kama familia haiko tayari kutia sahihi, usijenge hapo. Mnunulie mzee kitanda kizuri, rekebisha paa lake, weka maji ndani, na milioni zilizobaki zitafutie kiwanja chenye jina lako.